Khaja ya Silao: mwongozo kamili wa kupika kitamutamu cha matabaka kutoka Bihar

Barabara inayotoka kwenye magofu ya chuo cha kale cha Nalanda kwenda Rajgir, katika jimbo la Bihar mashariki mwa India, hupita mji mdogo uitwao Silao. Mahujaji wa Kibudha na wa Kijaini waendao Rajgir hupita hapo, na watu husimama kununua kitu kimoja: khaja. Hupangwa madukani kwa milundo mirefu, nyepesi, rangi ya dhahabu iliyopauka, zimefura kiasi kwamba kilo moja hujaza mfuko mkubwa.

Khaja ni unga wa ngano, samli na sukari. Hakuna kingine cha lazima. Unga hukandwa, husukumwa mwembamba, hupakwa samli, hukunjwa, hukatwa, kisha hukaangwa polepole mpaka matabaka yafunguke kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka. Mwisho huchovywa kwenye shira na kuachwa ikauke. Ukiuma, inavunjika kwa mlio, halafu inamumunyika.

Wengi wakiionja husifu utamu wake. Mimi naona sukari ni jambo dogo hapa. Khaja ni chakula cha safari, kilichobuniwa kikae siku nyingi bila kuharibika, na kila hatua ya kuipika ina lengo moja: kuyatoa maji yote ndani ya unga bila kuyaacha matabaka yagandamane. Ukilishika hilo, utajua kwa nini moto unakuwa mdogo, kwa nini shira inakuwa nzito na kwa nini huwezi kuharakisha.

Ilikotoka

Eneo la Nalanda na Rajgir ndilo lililokuwa kiini cha ufalme wa kale wa Magadha. Watengenezaji wa Silao wana masimulizi yao: kwamba Buddha alipokuwa akipita kutoka Rajgir kwenda Nalanda alipewa khaja, akaipenda, akawaambia wanafunzi wake nao waile. Ni masimulizi ya dini na ya biashara kwa pamoja, wala hakuna anayeweza kuleta risiti yake. Lakini sifa ya Silao yenyewe si ya jana. Mtaalamu wa mambo ya kale J. D. Beglar, aliyefika huko mwaka 1872 akifanya kazi ya kukagua magofu, aliandika juu ya khaja ya mji huo na simulizi la wenyeji lililoirudisha nyuma hadi enzi za mfalme Vikramaditya. Kwa hiyo miaka 150 iliyopita tayari watu wa Silao walikuwa wakiiita khaja yao ya kale.

Mwaka 2018 khaja ya Silao ilipewa kiashirio cha kijiografia chini ya sheria ya India ya mwaka 1999, ile ile inayolinda chai ya Darjeeling. Maana yake ni kwamba mtu wa mahali pengine anaweza kupika khaja, na huu ndio mwongozo wa kufanya hivyo, lakini hawezi kuiuza kwa jina la Silao. Wenyewe hujivunia matabaka 52 katika kipande kimoja, na husema maji na hewa ya pale ndivyo vinavyoifanya iwe nyepesi vile.

Mahali khaja inapokaa hasa katika maisha ya watu wa Bihar ni harusini. Bibi harusi akienda kwa wakwe zake, huenda na vikapu vya khaja na ladu, na vitamutamu hivyo hugawiwa majirani na jamaa wa upande wa bwana harusi. Fikiria safari ile zamani, kwa gari la ng'ombe, kwenye joto la Bihar. Barfi na rasgula, ambazo ni za maziwa, zingechacha njiani. Khaja haina maziwa wala maji, inafika salama, na inatosha kugawiwa kijiji kizima kwa kuwa ni nyepesi na ni nyingi.

Tena ilikuwa chakula cha heshima. Kuna msemo mashuhuri wa Kihindi unaosimulia mji wa giza wenye mfalme mpumbavu, ambako ser moja ya mboga huuzwa taka moja, na ser moja ya khaja huuzwa taka hiyo hiyo. Ser ni kipimo cha zamani kinachokaribia kilo, na taka ni sarafu. Msemo huo unasema haki imekufa mjini, na ushahidi unaotolewa ni bei ya khaja. Unga mweupe, samli na sukari katika kitu kimoja vilikuwa mali, na kila msikilizaji aliujua ukubwa wa kosa la kukiuza kwa bei ya mchicha.

Khaja imesambaa kuelekea kusini pia. Puri, katika jimbo la Odisha, ambako kuna hekalu la Jagannath lililojengwa karne ya 12, khaja hutolewa kwa mungu kisha mahujaji huibeba kwenda nayo nyumbani. Ile ya Puri ni ndefu, ngumu kidogo, yenye sukari nyingi juu. Ukiteremka zaidi hadi Andhra Pradesh unakuta kaja ya Kakinada, iliyo kama kibomba chenye shira ndani inayomwagika mdomoni, na ya Tapeswaram, iliyokunjwa matabaka mapana. Hizo mbili ni za majimaji, za kuliwa dukani. Ninayoifuata hapa ni ile ya Silao, kavu.

Wahindi waliohamia pwani yetu wengi walitoka Gujarati na Kachchh, upande wa pili kabisa wa India, ndiyo maana katika maduka ya vitamutamu ya Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar utaona jilebi, ladu na barfi kabla ya kuona khaja. Hata hivyo, mpishi wa huku ana faida kubwa. Anayesukuma chapati za matabaka, zile zinazopakwa mafuta, zikaviringwa, kisha zikasukumwa tena, amekwisha kuijua nusu ya kwanza ya kazi hii. Na anayepika visheti anaijua shira. Kilichobaki ni mafuta na subira.

Kinachofungua matabaka

Kabla ya kugusa unga, elewa kinachotokea ndani ya karai. Kati ya tabaka na tabaka kuna samli, na samli haishikani na unga uliolowa, kwa hiyo inayazuia matabaka yasigandamane. Ndani ya kila tabaka kuna maji kidogo uliyokandia. Kipande kikiingia kwenye mafuta yenye joto, maji hayo hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia ya kutoka, na njia iliyo wazi ni pale palipo na samli. Hapo matabaka husukumwa yakaachana.

Sasa, mafuta yakiwa ya moto sana, nje hukauka na kushika rangi kabla mvuke wa ndani haujamaliza kazi. Unapata kitu kizuri kwa macho, ndani kibichi, na kesho yake kimelainika chote kwa sababu maji yaliyobaki ndani yamesambaa hadi nje. Mafuta yakiwa ya baridi mno, kipande hukaa chini kinakunywa mafuta, na samli iliyomo ndani huyeyuka ikatoka kabla unga haujashika umbo. Joto linalotakiwa mwanzoni ni takriban nyuzi 125 hadi 130 za Selsiasi, chini sana kuliko la maandazi au sambusa, halafu mwishoni unapandisha hadi kama 150.

Vitu vya kuandaa

Kiasi hiki hutoa vipande kama 22 hadi 24 vya ukubwa wa wastani.

Kwa unga:
– unga mweupe wa ngano gramu 250 (vikombe 2), usiotiwa hamira wala baking poda
– samli iliyoyeyushwa vijiko vikubwa 4
– chumvi robo ya kijiko cha chai
– maji baridi mililita 100 hivi

Kwa rojo la kupaka:
– samli iliyoganda vijiko vikubwa 4
– unga wa mchele vijiko vikubwa 4

Kwa shira:
– sukari gramu 300 (kikombe kimoja na nusu)
– maji robo tatu ya kikombe
– maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai
– iliki punje 5, zimenywe na kusagwa

Na mafuta ya kukaangia yasiyo na harufu, lita moja.

Neno kuhusu samli. Harufu ya khaja ni ya samli, kwa hiyo usitumie iliyoanza kuchacha. Kasoro yake itaonekana zaidi hapa kuliko kwenye pilau, ambako viungo huificha. Samli ya ng'ombe ni bora. Samli ya mboga ina faida moja, kwamba huganda vizuri hata katika nchi ya joto, na rojo lake halitiririki. Ukitaka kubana matumizi, tumia samli ya ng'ombe kwenye unga na ya mboga kwenye rojo. Siagi haifai: ina maji ndani yake, na maji ndiyo tunayoyakimbia. Kukaangia ndani ya samli tupu, kama ilivyokuwa zamani, kunaleta ladha ya pekee, lakini ni gharama, na mafuta ya alizeti yaliyotiwa vijiko vichache vya samli yanatosha kabisa.

Kukanda

Chekecha unga na chumvi kwenye bakuli pana. Mimina samli iliyoyeyushwa, kisha fikicha kwa vidole na viganja mpaka samli yote iingie na unga uwe kama mchanga uliolowa. Jaribu hivi: kamata konzi ya unga, ubane. Ukishikana na ukigusa kwa kidole ukavunjika, samli imetosha. Usipokubali kushikana, ongeza kijiko kimoja. Usiifanye hatua hii kwa haraka, dakika 5 za kufikicha si nyingi. Punje za unga zilizozungukwa na samli hazivuti maji mengi, na ndizo zitakazofanya khaja ivunjike badala ya kutafunika kama chapati.

Ongeza maji kidogo kidogo. Unataka unga mgumu kuliko wa chapati, laini kuliko wa visheti. Kanda dakika 7 au 8, hadi uso wake uwe laini na usishike mkono. Ufunike kwa kitambaa kibichi, uuache dakika 30. Bila mapumziko hayo, utausukuma nao utajikunyata kurudi ulikotoka, na tabaka halitakuwa jembamba hata ufanyeje. Mahali penye joto kali napendelea kuuacha saa nzima, sehemu ya chini ya friji.

Wakati huo koroga rojo. Piga samli iliyoganda kwa mkono au kijiko mpaka iwe nyeupe na laini, kisha tia unga wa mchele, uendelee kupiga. Liwe zito la kupakika, lisilomiminika. Unga wa mchele una kazi yake: hunyonya samli isitiririke, na ukikaangwa huwa mkavu na mgumu kuliko ngano, hivyo husimamisha matabaka. Ukikosa unga wa mchele, wanga wa mahindi, ule wa kuzitia uzito supu, hufanya kazi vizuri vilevile. Rojo likianza kuyeyuka jikoni, liweke kwenye friji kwa dakika 10.

Kupanga matabaka

Gawa unga madonge 6 sawasawa. Sukuma kila donge duara jembamba la sentimita 25 hivi, jembamba kiasi cha kuona kivuli cha mkono wako ukiliinua kwenye mwanga. Nyunyiza unga mkavu kidogo tu kwenye kibao, kwa kuwa unga mkavu unaobaki juu utadondoka ndani ya mafuta, uungue, na kuipa khaja madoadoa meusi na uchungu.

Tandaza duara la kwanza kwenye kibao. Paka rojo kwa viganja, jembamba, mpaka ukingoni kabisa. Ukingo ndipo wengi wanapoacha pakavu, na pakavu hapafunguki. Weka duara la pili juu yake, paka tena, kisha la tatu, paka tena. Madonge matatu yaliyobaki yapange kando kwa namna hiyo hiyo. Sasa una mafungu mawili.

Pitisha mpini wa kusukumia chapati juu ya fungu mara mbili au tatu, bila nguvu, ili madonge yashikane na hewa iliyonaswa itoke. Halafu anza kuviringa kutoka upande ulio karibu nawe, kama uviringavyo mkeka. Mzunguko wa kwanza uwe wa kubana sana, maana ukibaki uwazi katikati, mafuta yatauingia na khaja itakuwa nzito. Endelea ukibana kidogo kidogo. Ukifika mwisho, lowesha ukingo kwa maji kwa ncha ya kidole, ugandishe. Lisukumesukume gogo lako kwa viganja liwe na unene ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho. Unapaswa kuwa na magogo mawili yenye unene wa sentimita 3 na ushee.

Ukihesabu utaona mizunguko minne ya matabaka matatu, yaani matabaka kumi na mbili toka katikati hadi nje, na 24 toka ukingo hadi ukingo. Si yale 52 ya Silao, lakini ni mengi ya kutosha. Mwenye mkono mzoefu anaweza kusukuma madonge membamba zaidi na kuviringa mara nyingi zaidi. Mwanzoni usifanye hivyo. Tabaka jembamba mno hutoboka, rojo huvuja, na tabaka la juu hugandamana na la chini.

Acha magogo yakae dakika 15 mahali pa baridi ili samli igande tena. Chukua kisu kikali, kata ncha mbili zisizo sawa na uziweke kando, kisha kata vipande vya sentimita 2. Kata kwa kuvuta kisu, usikandamize. Kisu butu huyasaga matabaka yakashikana pale pale unapotaka yawe wazi, na hakuna moto utakaoyafungua tena.

Sasa makini kidogo. Kila kipande kina nyuso mbili zilizokatwa, zinazoonyesha mviringo wa matabaka. Kilaze kwenye kibao nyuso hizo zikitazama kushoto na kulia, si juu. Weka mpini juu yake, sukuma kwenda mbele mara moja, rudi mara moja, kwa uzito wa mpini tu. Kitarefuka kiwe kama sentimita 6 au 7, chenye matabaka yaliyo wazi pande zote mbili. Ukikilaza uso uliokatwa ukiwa juu, utapata mviringo mzuri, nao unalika, lakini hautafura kama khaja ya Silao. Ukikandamiza kwa nguvu umerudi kwenye chapati.

Kukaanga

Hapa ndipo khaja inapopatikana au kupotea, kwa hiyo usianze ukiwa na jambo jingine la kufanya. Panga muda wa saa moja na nusu.

Tumia karai pana yenye mafuta ya kina cha sentimita 5 au 6. Yapashe kwenye moto mdogo. Kama una kipimajoto, subiri nyuzi 130. Kama huna, tupia kijidonge cha unga: kinapaswa kuzama chini, kikae huko kama sekunde 8 hadi 10, kisha kiinuke juu polepole kikiwa na mapovu machache. Kikipanda mara moja kikichemka, mafuta ni ya moto mno. Zima jiko, subiri. Kwa jiko la mkaa, ondoa makaa kadhaa uyaweke pembeni, na yaliyobaki uyafunike kwa majivu. Mkaa uliofunikwa majivu unatoa joto tulivu lifaalo khaja kuliko gesi, ambayo hata ikipunguzwa hadi mwisho mara nyingi bado ni kali kwa karai nyembamba. Mwenye gesi aweke kipande cha bati au kikaangio kizito chini ya karai.

Tia vipande 6 au 7 tu kwa mara moja. Vikizidi, joto la mafuta linaanguka na vinabanana visipate nafasi ya kufura. Mwanzoni vitakaa chini kimya. Usivikoroge. Baada ya dakika mbili hivi vitaanza kupanda, mapovu madogo yakitoka kwenye ncha. Hapo chota mafuta kwa kijiko cha matundu na kuvimwagia juu, taratibu, tena na tena. Utayaona matabaka yakiachana moja baada ya jingine. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote.

Dakika ya 5 au 6 vigeuze kwa uangalifu, kwa kuwa sasa ni dhaifu. Viache viendelee na moto huo huo hadi dakika 12 au 14. Rangi itakuwa bado imepauka, na utashawishika kuongeza moto mapema. Sikiliza mapovu badala ya kutazama rangi. Mapovu ni maji yanayotoka. Yakiwa bado mengi, khaja ina maji. Yakipungua hadi kuwa machache na madogo, na kipande kimekuwa chepesi kinaelea juu kabisa, ndipo upandishe moto kidogo kwa dakika 2 au 3 za mwisho, ili kishike rangi ya dhahabu. Epuka hudhurungi, rangi itaendelea kukolea kidogo baada ya kuopoa, na khaja iliyoungua haifichwi na shira.

Opoa, visimamishe wima kwenye chujio au wavu, ili mafuta yaliyonaswa katikati ya matabaka yateremke. Ukivilaza kwenye karatasi, mafuta hubaki ndani. Vunja kimoja. Tabaka la katikati likiwa kavu kama la nje, umefaulu. Likiwa na weupe unaonatanata, virudishe vyote kwenye moto mdogo kwa dakika 4 au 5. Kabla ya kutia fungu linalofuata, acha mafuta yapoe tena hadi joto la mwanzo.

Shira

Pika shira wakati fungu la mwisho likiwa linakaangwa. Weka sukari na maji kwenye sufuria, koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha kukoroga. Ikianza kuchemka tia ndimu. Ndimu huzuia sukari isirudi kuwa chembechembe sufuriani. Chemsha dakika 6 hadi 8.

Kipimo ni uzi mmoja. Chovya kijiko, kiache kipoe kidogo, gusa shira kwa kidole cha shahada, kibane na gumba kisha utenganishe. Ukivutika uzi mmoja unaokaa kitambo kabla ya kukatika, iko tayari. Kwa kipimajoto ni kama nyuzi 105 za Selsiasi. Shira nyepesi kuliko hiyo ina maji ya kuzilowesha khaja zako, na kazi yote ya karai itapotea kwa dakika moja. Shira inayovutika nyuzi mbili kidoleni huganda mara moja ikawa ganda jeupe nene, kama ya visheti. Wapo wanaopenda hivyo, na khaja ya Puri huelekea huko, lakini kwa Silao ni nzito mno. Epua, tia iliki. Ukipenda, ongeza nyuzi chache za zafarani. Arki nyingine ningeziacha, zinaifunika samli.

Khaja iwe imepoa hadi uvuguvugu, shira iwe ya moto kiasi cha kutoa mvuke mwepesi. Vyote viwili vikiwa vya moto sana, khaja hunywa shira kupita kiasi. Chovya vipande viwili viwili, geuza, hesabu sekunde 10, toa, visimamishe tena kwenye wavu. Shira ikizidi kuwa nzito kabla hujamaliza, ongeza kijiko kimoja cha maji uipashe tena. Acha khaja zikauke saa mbili au tatu kabla ya kuzifunika. Ukizifunika zikiwa na joto zitatoa jasho.

Mambo yakienda kombo

Matabaka hayakufunguka kabisa: chunguza kisu, kisha nguvu ya mpini, kisha rojo, kwa mfuatano huo. Kipande kikifunguka chote kikaachana ndani ya mafuta, hukuubana mzunguko wa kwanza au ukingo haukugandishwa. Khaja iliyojaa mafuta ilianza kwenye mafuta ya baridi, au ilikosa kusimamishwa wima. Iliyo ngumu kama biskuti ya zamani ilikosa samli kwenye unga, au ilikandwa maji mengi. Na ile iliyokuwa nzuri jioni ikalainika asubuhi ilitolewa mapema karaini, jambo linalotokea kuliko yote. Lakini nayo inaokoleka kabla haijatiwa shira, kwa kuiweka kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa dakika 15.

Kuiweka

Kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, khaja hukaa wiki mbili bila taabu. Adui yake pwani ni unyevu wa hewa, maana sukari huuvuta. Mvua za masika zikiwa zinanyesha, nashauri ukaange zote, uzihifadhi kavu bila shira, na kuzichovya zile za kuliwa siku hiyo tu. Usiziweke kwenye friji. Ukitaka kuzipeleka mbali, zipange wima, zikibanana, na karatasi katikati ya safu. Zikilazwa, zile za chini hupondeka.

Silao huuza pia khaja ya chumvi, nayo inastahili kupikwa. Zidisha chumvi iwe kijiko kimoja cha chai, tia kwenye unga kijiko cha binzari nyembamba iliyotwangwa nusu nusu na pilipili manga kidogo, fuata hatua zote hadi karaini, acha shira. Zile ncha za gogo ulizoziweka kando zikaange pamoja nazo. Ni nzuri na chai ya rangi isiyo na sukari nyingi.